Majibu Yanayochelewa

Katika miaka yangu ya kazi, ambayo niliimaliza nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, somo nililolifundisha kuliko yote lilikuwa historia. Niliwaambia wanachuo wangu kwamba habari za binadamu zaweza kuandikwa kwa njia nyingi: kwa kufuata vita, kwa kufuata wafalme, kwa kufuata mazao na biashara. Sikuwahi kuwaambia kwamba zaweza kuandikwa pia kwa kufuata muda ambao barua hukaa njiani. Jambo hilo nimelitambua uzeeni, nikiwa na umri wa miaka sabini na mitano, na aliyenifumbua macho ni mjukuu wangu anayesomea mambo ya kompyuta. Kwa hiyo msomaji asishangae akiona mazungumzo haya yanaanzia Mpanda na kufika kwenye nyota, kisha yanarudi Kilwa. Ndivyo fikra zangu zilivyosafiri.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya Mpanda, magharibi mwa nchi yetu. Kwetu ni Kilwa Kivinje, pwani ya kusini. Barua kutoka nyumbani ilipanda lori hadi Ndundu kwenye mto Rufiji, ikangoja pantoni. Ikishavuka ilikwenda Dar es Salaam, ikaingia behewa la barua la Reli ya Kati mpaka Tabora, ikaendelea hadi Kaliua, na pale ikashika tawi la reli linalokwenda Mpanda. Mwisho iliingia katika sanduku la posta la shule, ikingoja mhudumu wetu aende mjini kwa baiskeli yake, mara mbili kwa juma. Wakati wa kiangazi safari hiyo ilichukua majuma mawili au matatu. Masika, Rufiji ukifura na barabara ikikatika, hakuna aliyeweza kusema. Daraja la Mkapa halikuwapo. Lilifunguliwa mwaka 2003.

Masika ya mwaka huo baba aliugua. Kaka yangu mkubwa akaniandikia kwamba daktari ameshauri mzee apelekwe Dar es Salaam, fedha hakuna, na amepatikana mtu aliye tayari kununua minazi arobaini ya baba, ile ya upande wa baharini. Simu ya maandishi hakuweza kuipiga kwa sababu waya ulikuwa umekatika. Barua yake ilimalizika kwa neno moja: "Unasemaje?"

Barua hiyo ilinifikia baada ya majuma matano. Nilijibu siku ile ile, kwa ukali wa kijana aliyesoma. Nilisema minazi isiuzwe hata mmoja, kwa kuwa ni jasho la babu yetu. Nilisema natuma hawala ya posta ya mshahara wangu. Nilisema wanisubiri mpaka likizo ya mwezi wa sita. Nikatia sahihi kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Kumbe wakati jibu langu lilipokuwa likisafiri, swali lenyewe lilikuwa limekwisha kufa. Kaka alingoja siku kumi, akauza minazi, akampakia mzee katika jahazi lililokuwa likienda na kusi hadi Dar es Salaam. Baba alitibiwa siku kumi na moja, kisha akafariki dunia. Simu ya msiba ilinifikia kutoka Dar es Salaam baada ya mazishi. Nilipofika nyumbani nililikuta kaburi, na juu ya meza nikaikuta barua yangu, imekwisha funguliwa. Nilimwambia kaka mbele ya watu kwamba ameuza urithi wetu bila kungoja. Alinijibu: "Nilikuuliza. Sikuweza kukungoja." Tangu siku hiyo tuliamkiana kwa sababu watu walikuwa wakitutazama.

Sasa nitaiacha habari hiyo hapo kwa muda, nieleze ya kompyuta.

Mjukuu wangu aliniambia kwamba mwezi Mei wa mwaka huo huo wa 1974, Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn, walichapisha makala iliyoeleza namna ya kuunganisha mitandao ya kompyuta iliyo tofauti ili iwe kama mtandao mmoja. Mtandao mmoja wa kompyuta, ulioitwa ARPANET, ulikuwa umekwisha anza. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya chuo kikuu kimoja mjini Los Angeles ilijaribu kutuma neno "LOGIN" kwenda kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Zilifika herufi mbili tu, L na O, kisha mtambo ukazimika. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza wa mtandao huo ulikuwa neno lililokatika katikati. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ilihamia rasmi kwenye taratibu zilizotokana na kazi ya Cerf na Kahn, na hizo ndizo zilizozaa intaneti tunayoijua.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1963, mtaalamu mmoja aitwaye J. C. R. Licklider aliwaandikia wenzake waraka kuhusu namna kompyuta zao zitakavyozungumza, na akawaita, nusu kwa mzaha, watu wa mtandao wa kompyuta wa baina ya makundi ya nyota. Mzaha ule ulitangulia kazi kwa miaka mingi, maana leo yapo masharti ya kupitishia ujumbe katika anga za mbali yaliyopewa jina la Licklider.

Nilimwuliza mjukuu wangu: "Kama intaneti inafika kila mahali duniani, kwa nini isifike kwenye nyota?" Akanijibu: "Babu, intaneti hupiga hodi kwanza." Akanieleza. Kompyuta mbili haziongei mara moja. Ya kwanza husema: hodi. Ya pili hujibu: karibu. Ya kwanza husema: ahsante, naingia. Baada ya hapo ndipo habari zinapopita, na kila fungu la habari likipokewa, mpokeaji huitikia kwamba limefika. Asipoitikia upesi, mtumaji hulituma tena, na akikaa kimya sana mtumaji hukata tamaa na kufunga mlango. Duniani hodi hizo tatu humalizika kabla hujafumba na kufumbua jicho. Utaratibu mzima umesimama juu ya imani moja: kwamba aliye upande wa pili yupo macho sasa hivi, na njia iko wazi toka mwanzo hadi mwisho.

Imani hiyo inaanza kuyumba mara tu tunapotoka duniani. Hakuna ujumbe unaokwenda upesi kuliko nuru, na nuru hukimbia kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka kwetu, kwa hiyo sauti ya redio hufika huko kwa muda wa sekunde moja na kitu. Sayari ya Mars, inapokuwa karibu, ni mwendo wa dakika tatu hivi wa nuru. Inapokuwa mbali, dakika ishirini na mbili. Hodi tatu za Mars peke yake zitakula saa nzima na zaidi. Tena Mars nayo ina masika yake. Kila baada ya miaka miwili hivi hupita upande wa pili wa Jua, na wataalamu huacha kutuma amri kwa muda wa kama majuma mawili, kwa kuwa Jua huvuruga mawasiliano. Pantoni haivuki.

Mwaka 1998 Vinton Cerf na wenzake wa maabara ya NASA iliyoko Pasadena, California, walianza kujiuliza intaneti ya baina ya sayari itakuwaje. Walichokifikia, nilipokisikia, nilicheka peke yangu, kwa sababu kilikuwa posta ya Mpanda. Walisema: tuache kudai kwamba njia iwe wazi yote kwa wakati mmoja. Habari zifungwe katika kifurushi kilichokamilika, chenye kila kitu mpokeaji atakachohitaji, ili asilazimike kurudi kuuliza. Kila kituo kikipokea kifurushi kikihifadhi kwanza, kama ghala linavyohifadhi mzigo, na kikitume mbele pale njia itakapofunguka. Kituo kisiitupe nakala yake mpaka kituo kinachofuata kikiri kupokea. Kwa hiyo dhamana ya kifurushi huhama kutoka mkono hadi mkono, na mtumaji wa kwanza hana haja ya kukesha. Masharti ya utaratibu huo yalichapishwa mwaka 2007, na yakasahihishwa mwaka 2022.

Yamo mambo mengine mawili yaliyonigusa. La kwanza ni anwani. Kifurushi hakilazimiki kujua toka mwanzo mlango halisi wa mpokeaji. Chaweza kuandikwa "kwa mwalimu fulani, Mpanda," na wakifika Mpanda ndipo watafute amehamia shule gani. La pili ni umri. Kila kifurushi huandikiwa muda wake wa kuishi. Muda huo ukipita kikiwa bado njiani, kituo chochote kina ruhusa ya kukitupa, kwa sababu habari iliyopitwa na wakati haina faida, na pengine ina madhara. Hapo nilinyamaza kidogo, nikaikumbuka barua yangu juu ya meza.

Haya hayakubaki kwenye karatasi. Mwezi Oktoba na Novemba mwaka 2008 NASA iliupima utaratibu huo kwa chombo kiitwacho Deep Impact, kilichokuwa kama kilomita milioni 32 kutoka duniani, na picha kadhaa zikapita salama. Mwaka 2012 mwanaanga Sunita Williams, akiwa katika kituo cha kimataifa cha anga, aliendesha kwa njia hiyo gari dogo la kuchezea lililokuwa Darmstadt, Ujerumani. Mwezi Februari 2024 ilirushwa setilaiti iitwayo PACE, ambayo hutumia vifurushi hivyo katika kazi zake za kila siku za kuchunguza bahari na hewa.

Wazee wetu wa pwani wasingeshangaa. Mfanyabiashara wa Kilwa aliyetaka kupeleka mzigo kaskazini hakugombana na upepo wa kaskazi. Aliweka mzigo ghalani akangoja kusi, kwa kuwa alijua majira yake. Njia za sayari nazo zina majira. Wataalamu huyahesabu mapema, wakajua ni saa ngapi kituo gani kitaonana na kituo gani. Tena mkono wa kazi hiyo ulikwisha fika kwetu. Wamarekani walipoanza kupeleka watu angani walijenga vituo kuizunguka dunia, na kimoja kilikuwa Unguja. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Unguja kilikuwa miongoni mwa vile vilivyompokea, dakika chache tu kila alipopita juu, kisha kikamwachia kituo cha mbele. Kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Basi twende mbali zaidi. Vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, vilirushwa mwaka 1977. Cha kwanza kilitoka nje ya upepo wa Jua mwezi Agosti 2012, cha pili mwezi Novemba 2018, na vyote viwili vimo sasa katika anga la baina ya nyota. Voyager 1 iko zaidi ya kilomita bilioni 25 kutoka hapa ninapoandika. Redio yake ina nguvu ya wati ishirini na kidogo, pungufu ya balbu nyingi za zamani za nyumbani. Ili kuisikia, watu wanatumia masinia ya chuma yenye upana wa hadi mita 70, yaliyoko California, Hispania na Australia, ili dunia inapozunguka pawepo sinia moja linalokitazama chombo. Sauti yake huchukua karibu siku nzima kufika.

Mwezi Novemba 2023 Voyager 1 ilianza kutuma maneno yasiyo na maana. Wataalamu waligundua kwamba kipande kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta yake kimekufa. Hakuna fundi wa kumtuma. Walichofanya ni kuyagawa maagizo yaliyokuwamo katika kipande kile, wakayatafutia nafasi mahali pengine katika kumbukumbu hiyo hiyo, wakatuma badiliko la kwanza tarehe 18 Aprili 2024. Jibu lilirudi tarehe 20: chombo kimeanza kusema tena yanayoeleweka. Huko ndiko kumganga mgonjwa kwa barua.

Lakini habari iliyonifunza zaidi ni ya pacha wake. Mwezi Julai 2023 wataalamu, kwa makosa yao wenyewe, waliiagiza Voyager 2 igeuze uso kwa nyuzi mbili, ikaacha kuitazama dunia. Mawasiliano yakakatika. Waliituma amri kwa sauti kubwa kutoka Australia, wakangoja saa 37 kujua kama imesikika, na tarehe 4 Agosti ikageuka. Hata hivyo, kama isingesikia, yote yasingepotea. Waliokiunda walikuwa wamekipa chombo ruhusa ya kujitafutia dunia chenyewe mara kadhaa kwa mwaka bila kuulizwa, na zamu nyingine ilikuwa mwezi Oktoba. Walijua toka mwanzo kwamba ipo siku amri itachelewa, au amri yenyewe itakuwa mbaya. Wakamwachia aliye mbali busara ya kujiokoa.

Nyota iliyo karibu nasi baada ya Jua inaitwa Proxima Centauri. Nuru yake hutumia miaka minne na robo hivi kutufikia, yaani umbali wa kama kilomita trilioni 40. Voyager 1, kwa mwendo wake wa kilomita 17 hivi kwa sekunde, ingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuumaliza umbali kama huo. Mwaka 2016 bilionea Yuri Milner pamoja na mwanasayansi Stephen Hawking walitangaza mpango wa kusukuma vyombo vyepesi kama karatasi kwa miali ya leza, hadi moja ya tano ya kasi ya nuru. Hata vyombo hivyo vingechukua miaka ishirini na zaidi, na picha zao miaka mingine minne na robo kurudi.

Je, mtandao wa kompyuta utawezekana katika umbali huo? Mimi si mtaalamu, lakini hesabu ni za shule. Hodi tatu zitachukua karibu miaka kumi na mitatu kabla ya neno la kwanza kusemwa. Swali na jibu ni miaka minane na nusu. Sauti nayo hudhoofu: umbali ukiwa mara mbili, nguvu inayofika ni robo. Proxima iko mbali kuliko Voyager 1 kwa kama mara 1,600, kwa hiyo redio ile ile ikiwa huko ingesikika hapa hafifu zaidi kwa kama mara milioni mbili na nusu. Wapo wanaosema Jua lenyewe litumike kama lenzi, kwa kuwa uzito wake hupinda nuru na kuikusanya. Lakini mahali inapoanza kukusanyika ni mbali kuliko umbali wa dunia na Jua kwa mara 550, na Voyager 1 haijafika hata theluthi yake.

Chukua kwamba matatizo hayo yametatuliwa, na vituo vimepangwa njiani, kila kimoja mwendo wa sehemu ya kumi ya mwaka wa nuru kutoka kwa mwenzake. Vitakuwa kama vituo 42. Kifurushi kikiharibika baina ya viwili, kituo cha nyuma kinacho nakala yake, na hasara itakuwa siku kama 73 badala ya miaka minane na nusu. Ili kisiharibike ovyo, kitabeba maneno ya akiba, yanayomwezesha mpokeaji kusahihisha makosa bila kuomba kurudiwa. Voyager zote mbili hufanya hivyo tayari. Mwalimu wa imla anaifahamu kazi hiyo: sentensi ikiwa imejengwa vizuri, mtoto wa nyuma aliyekosa kusikia neno moja ataweza kulijaza kwa maana ya yaliyobaki.

Hivyo mtandao utakuwapo, lakini hautakuwa wa mazungumzo. Utakuwa wa nyaraka. Na tatizo lake kubwa naona halitakuwa la waya wala la redio. Litakuwa la amri. Nani ataamua?

Historia yetu inalo jibu. Vita ya kwanza ya dunia ilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Siku mbili baadaye, tarehe 13, majeshi ya Jenerali von Lettow-Vorbeck, yenye askari na wapagazi wengi waliotoka nchi hii, yalikuwa bado yanasonga mbele, yakaingia Kasama, katika Zambia ya leo. Habari ya amani ilimfikia tarehe 14 karibu na mto Chambeshi, na alisalimisha silaha tarehe 25 huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Nimelifundisha somo hilo mara nyingi, na kila mara mwanachuo mmoja aliuliza: "Je, waliopigana baada ya amani walikuwa na kosa?" Nilikuwa nikijibu haraka: la, hawakuwa nalo, maana mtu huhukumiwa kwa habari zilizomfikia, si kwa habari zilizokuwa njiani.

Nililisema hilo kwa miaka zaidi ya thelathini mbele ya ubao, na sikuwahi kumpa kaka yangu haki hiyo hiyo.

Mjukuu wangu aliponieleza habari za vifurushi na umri wao, nililiona kosa langu kwa namna ambayo dua na nasaha za wazee hazikuwahi kunionyesha. Nilijibu kana kwamba kaka amesimama mlangoni kwangu, ameshika kofia, anangoja. Nilipaswa kujua kwamba swali lina majuma matano, na jibu litakuwa na majuma mengine. Barua ya mtu mwenye akili ingesema: "Kama itakukuta hujauza, jaribu kutumia hawala hii. Kama umekwisha uza, umefanya vema, nami niko pamoja nawe." Hayo ndiyo maandishi yanayofaa safari ndefu. Aliye karibu na mgonjwa huachiwa kuamua, na aliye mbali huachiwa kukubali.

Mwisho wa mwaka 2024 nilisafiri hadi Kilwa Kivinje. Kaka yangu amepita miaka themanini, macho yake hayaoni vizuri, lakini akili iko sawa. Nilimwamkia, "Shikamoo kaka," akaitika, tukakaa barazani. Nikamweleza yote, ya Voyager na ya vifurushi, na mwisho nikamwomba radhi.

Alikaa kimya, kisha akasema: "Kwa hiyo hao wenzako wamekwenda mpaka nyuma ya Jua kulijua hilo?" Tukacheka. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa miaka hamsini.

"Mzee alikuwa akiniuliza kila siku pale hospitali. 'Mdogo wako amejibu?' Siku ya tano nikamwambia, amejibu. Akauliza, 'Anasemaje?' Nikamwambia, amesema tuuze, na anakusalimu. Akafurahi sana. Akasema, basi watoto wangu ni wamoja. Hakuuliza tena."

Sikuwa na la kusema. Barua yangu halisi, wakati huo, ilikuwa bado haijaandikwa. Swali la kaka lilikuwa mahali fulani baina ya Ndundu na Kaliua. Baba yangu alikufa akiwa na jibu langu, nalo lilikuwa jibu zuri kuliko lile nililolituma. Kaka alilitoa kwa niaba yangu, kisha akanyamaza akapokea lawama yangu.

Wajukuu wa wajukuu wetu huenda watapeleka mitambo yao kwenye nyota, na mitambo hiyo itaandikiana. Ningependa watakaoiunda waipe uwezo wa kuhifadhi, wa kungoja, na wa kuamua bila kuuliza. Na sisi tutakaobaki huku tukingoja habari miaka minne na robo, tujifunze kupokea taarifa za yaliyokwisha tendeka bila ukali. Kuhusu minazi ile arobaini, mingi ilikwisha kufa kwa uzee. Nilikwenda kuitazama jioni ile, nikirudi nikamkuta kaka amenisubiri tule.